Mtungi wa Nakshi Nusu

"Treni haina usukani, Mama Shadia. Hii ni mara ya tatu nasema, na ya nne sisemi, koo limenikauka."

"Za siku hizi ndizo hazina. Za zamani zilikuwa nao."

"Hizo za zamani ndizo nilizozitengeneza kwa mikono hii. Treni inafuata reli, mama. Ukiipa usukani itakata kona iende wapi, sokoni?"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji wakacheka, ndoo zikasahaulika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi pale Mwembesongo bomba la uani kwa kina Shadia hukusanya mtaa mzima: wenye ndoo, wenye madumu, na wale ambao maji wanayo nyumbani lakini habari zimewaishia. Mzee Mikidadi alisimama upande wake wa ua wa michongoma, kofia yake ya karakana ya reli kichwani, ile aliyostaafu nayo na ambayo, kwa maneno ya wajukuu zake, huivua akioga tu. Mama Shadia alikuwa upande wa pili, barazani, nyuma ya cherehani. Mguu wake uliendelea kukanyaga ingawa kitambaa kilikuwa kimeshapita kwenye sindano zamani.

"Mzee Mikidadi, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Lakini babu yangu Mzee Abuu alikuwa dereva wa treni. Kaulize popote."

"Nikamuulize nani, na mimi ndiye wa kuulizwa? Miaka thelathini na mbili karakana. Majina ya madereva wa zamani tulikuwa tunayataja kama vijana wanavyotaja wachezaji wa mpira. Hakuna Abuu."

"Mama yangu ndiye aliyesema. Na mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mwongo."

Hapo kicheko kikakatika. Bibi Sharifa, mama yake Mama Shadia, alikuwa amezikwa siku ishirini na nne tu zilizopita, na nusu ya watu wa foleni ile walikuwa wamelala palepale uani siku za matanga. Hakuna aliyetaka kuonekana akicheka.

Shadia alikuwa amechuchumaa kando ya karai la vyombo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na sufuria aliyokuwa akiisugua ilikuwa imeshatakata muda mrefu. Aliinamisha kichwa akiomba moyoni asiitwe.

"Shadia," mama yake akaita. "Njoo umwambie babu yako. Bibi alikwambia au hakukwambia?"

Macho yote yakamgeukia. Sufiani, mjukuu wa Mzee Mikidadi aliyekuwa akisoma naye darasa moja, alichungulia juu ya michongoma. Yeye ndiye aliyepeleka nyumbani habari ya usukani.

"Aliniambia," Shadia akasema.

Mzee Mikidadi alimtazama kitambo, kisha akashusha mabega. "Basi, yaishe. Na marehemu sitabishana." Akageuka aondoke, lakini mzee yule hakuwa mtu wa kuondoka bila neno la mwisho. "Ila huyo dereva wenu, kama alifanya kazi kama fundi wa ule mtungi mlionipa, treni yake iliishia Kingolwira. Fundi gani anachora nakshi nusu ya mtungi, halafu anakwenda zake kulala?"

Foleni ikapata ruhusa ya kucheka tena. Hata Mama Shadia alitabasamu kidogo. Shadia peke yake ndiye hakuona cha kuchekesha, kwa sababu alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Bibi Sharifa hakuwahi kumwambia neno lolote kuhusu treni.

*

Mambo yalianza shuleni. Mwalimu Esther alikuwa amewapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuandika ukurasa mmoja. "Waulizeni wazee wenu," alisema, "wale waliowatangulia walikuwa akina nani, na walifanya kazi gani. Jumatatu nataka ukurasa wenye majina ya watu, siyo majina ya wanyama pori."

Wenzake walikwenda kuuliza. Shadia angemuuliza nani? Wazee wa baba yake walikuwa wamekufa huko Singida kabla hajazaliwa, na baba mwenyewe alikuwa Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, akirudi mara moja kwa mwezi. Mama yake alikuwa akishona huku machozi yakidondokea nguo za watu. Na Bibi Sharifa, aliyekuwa na majibu yote, alikuwa kaburini kwa siku ya kumi na mbili.

Kilichomuuma Shadia hakikuwa kukosa mtu wa kumuuliza. Kilichomuuma ni kwamba mtu huyo alikuwepo miaka yote, kitanda kwa kitanda, na alitaka kuulizwa. Bibi alikuwa na kigoda chake chumbani, kando ya mtungi wa zamani wa maji uliomegeka mdomo. Mara ngapi alikuwa akipangusa mtungi ule kwa kipande cha kanga na kusema, "Shadia, njoo nikwambie habari ya mtungi huu."

"Subiri kidogo, bibi," Shadia alikuwa akijibu, macho kwenye simu ya mama, watu wakicheza muziki humo ndani.

Bibi alisubiri. Alisubiri mpaka asubuhi ile presha ilipompanda, akapelekwa hospitali kwa bajaji, na jioni bajaji ikarudi na mama peke yake.

Kesho yake baada ya maziko ilibidi chumba cha bibi kisafishwe ili wageni wa matanga wapate pa kulala. Mtungi ulikuwa ukibana nafasi. Shadia ndiye aliyeubeba. Akautazama: vipembe vidogo vidogo vilivyochorwa shingoni mwake, vimepangana vizuri kama meno, vikazunguka nusu na kukoma. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Kitu kibovu, aliwaza. Akaupitisha juu ya michongoma, akampa Mzee Mikidadi, naye akaujaza udongo na kupanda mchaichai.

Kwa hiyo Jumapili jioni, karatasi ikiwa nyeupe mbele yake, Shadia alitunga. Jina alilijua, kwa kuwa kwenye kadi ya kliniki bibi aliandikwa Sharifa binti Abuu. Kazi akaichagua mwenyewe. *Babu Abuu, baba yake bibi yangu, alikuwa dereva wa treni. Alishika usukani kwa mikono miwili. Akifika kona ya Mikese alipunguza mwendo na kupiga honi, na watu wote wa Mikese walitoka kumpungia mkono.*

Mwalimu Esther aliipenda kazi ile, akaibandika ukutani. Ingeishia hapo, pengine ingesahaulika. Lakini wiki hiyo kukawa na kikao cha wazazi. Mama Shadia alisimama mbele ya ukuta ule, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, kisha akafuta macho kwa pembe ya kanga.

"Mama hakuwahi kunieleza habari za baba yake," alimwambia Shadia njiani. "Nikimuuliza ananyamaza. Kumbe alikuwa akikusimulia wewe."

Shadia alifungua mdomo aseme. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mama yake atembee akiwa amenyoosha shingo. Akaufunga.

*

Jumanne alasiri, siku tatu baada ya ule ubishi wa bombani, Mama Shadia alikuwa akishona gauni jeupe la kuvaa siku ya arobaini, yaani siku ya dua baada ya siku arobaini za msiba. Alikuwa akiimba kwa sauti ya puani, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

"Nimezungumza na Ustadhi Ramadhani," akasema bila kuinua kichwa. "Siku ya dua atamtaja na babu Abuu. Nimemwambia asisahau kueleza kwamba alikuwa mtu wa kuwavusha watu salama."

Shadia alikuwa akichambua mchicha. Mikono ikasimama.

"Unajua, mwanangu, mwanzoni niliona wivu," mama akaendelea. "Nikajiuliza, mimi mwanawe wa kumzaa, kwa nini hakuniambia mimi? Halafu nikasema, la. Amempa mtoto neno, mtoto kanipa mimi. Ni kama ameongea nami mara ya mwisho."

"Mama."

"Naam."

"Hakuniambia."

Cherehani ikaendelea kidogo, kisha ikapunguza, kisha ikanyamaza.

"Hakuniambia kitu. Alitaka kunieleza habari ya mtungi, nikawa namwambia asubiri. Nilitunga mwenyewe. Sijui babu Abuu alifanya kazi gani. Sijui chochote."

Alisubiri kofi, na angelishukuru. Mama yake hakunyanyua mkono. Aliliangalia gauni lile jeupe kama mtu anayejaribu kukumbuka limefikaje mapajani mwake.

"Kwa hiyo hakuna neno," akasema mwishowe.

"Hakuna, mama. Nisamehe."

Mama Shadia alilikunja gauni, akaliweka juu ya mashine, akaingia chumbani kwa Bibi Sharifa na kufunga mlango. Shadia aliumaliza mchicha peke yake. Siku mbili nyumba ile haikuwa na mazungumzo zaidi ya "lete" na "chukua". Majirani waliona, maana Mwembesongo huwezi kununa bila watu kujua, lakini safari hii hawakuuliza.

Ijumaa baada ya swala, mama alisimama mlangoni. "Bibi yako alikuwa akitaja Kilundwa, huko juu ya Kinole. Kesho tunapanda. Kama kuna mtu aliyebaki anayemjua, tutamkuta. Na kama hayupo, tutarudi na kusema hatujui."

*

Walipanda lori lililokuwa likirudi tupu kufuata ndizi. Lilipofika mwisho wa barabara wakashuka na kuchukua njia ya miguu, mlima mbele, mlima nyuma, migomba na mikarafuu ikishuka hadi kwenye korongo ambalo maji yake yalisikika lakini hayakuonekana. Ukungu ulikuwa umekaa juu kama kofia. Mama Shadia, aliyezaliwa na kukulia mjini, alipumzika kila baada ya hatua hamsini. Shadia alimbebea mfuko wa sukari na sabuni bila kuambiwa.

Kilundwa walianza kuuliza. "Tunatafuta kwa mzee Abuu. Marehemu wa zamani."

"Abuu yupi, wa bodaboda?" kijana wa dukani akauliza.

"Wa zamani sana."

Kijana hakujua. Mzee mmoja aliyekuwa akinoa panga akafikiri, akatikisa kichwa. Wa tatu akasema labda ni kijiji cha pili. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na Mama Shadia alikuwa ameanza kutazama njia waliyotoka, pale mwanamke mmoja mwenye mzigo wa magimbi kichwani aliposimama.

"Mnamtafuta mtu wa lukolo gani?" akauliza. Alipoona hawaelewi, akafafanua: "Ukoo. Mnamtafuta mtu wa ukoo gani?"

"Wa Abuu, baba wa marehemu mama yangu," Mama Shadia akasema.

"Ndiyo maana mnazunguka tangu asubuhi. Nyie wa mjini mnatafuta watu kwa baba. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Huyo Abuu atakuwa alikuja hapa kuoa tu, ana kwao. Huyo marehemu mama yako, mama yake aliitwa nani?"

Mama Shadia alitazama chini. Miaka arobaini na mitatu duniani, na jina la bibi yake mzaa mama hakulijua.

Ndipo Shadia akakumbuka. Hakikuwa kitu alichosimuliwa, kilikuwa kitu alichosikia tu miaka yote, kama mtu anavyosikia saa ukutani. Kila Bibi Sharifa alipojitwisha ndoo, kabla haijatulia kichwani, alikuwa akinong'ona.

"Bibi akijitwisha maji," Shadia akasema, na safari hii alichagua maneno kwa uangalifu asije akaongeza hata moja, "alikuwa anasema, 'Zainabu mama, nishikie.' Sijui kama ndiye. Nilisikia hivyo tu."

Mwanamke yule alitua mzigo wake chini.

"Zainabu mfinyanzi," akasema taratibu. "Kumbe mnamsema Sharifa. Yule mtoto aliyeshuka mlima na mtungi kichwani."

*

Mwanamke yule aliwafikisha kwa Bibi Yuliana, akapiga hodi akisema ameleta watu wa Sharifa. Walimkuta kikongwe jikoni kwake, akipukuchua maharage mbele ya moto mdogo. Rozari ilikuwa imening'inia shingoni, na miguu yake mikavu aliinyoosha mbele. Mama yake na Zainabu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Dada mkubwa aliolewa na Mkristo wa Matombo, mdogo akaolewa na Abuu. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Waluguru, kikongwe yule alikuwa mama mkubwa wa Mama Shadia hasa, na mama na mwana walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, bibi," Shadia akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama nyuma yao, mlangoni, kama aliyetarajia mtu wa tatu. "Sharifa yuko wapi?"

Mama Shadia akamwambia.

Maharage yalimwagika kutoka kwenye ungo, na hakuna aliyeyaokota. "Mmekuja kuniambia amekufa," Bibi Yuliana akasema. "Na mimi miaka yote nangoja mtu aje aniambie yuko hai."

Walilia pamoja, wale wanawake wawili, na Shadia akalia pembeni yao. Moto ulipokaribia kuzima, kikongwe akausukumia kuni, akajifuta uso, akaanza kusimulia.

"Abuu alikuwa mkata mkonge huko bondeni. Alikwenda mzima, akarudi na kikohozi, akafa Sharifa akiwa hajaota meno."

"Hakuendesha treni?" Mama Shadia akauliza kwa sauti ndogo, ingawa jibu alilijua.

"Treni? Alikuwa akiisikia tu ikipita, kama sisi. Lakini nyie mnaniuliza habari za Abuu, na mtu mwenyewe ni Zainabu. Mlima huu haukupata mfinyanzi kama yule. Watu walikuja kutoka Mikese kufuata mitungi yake, wakalala hapa wakingoja ikauke. Alikuwa anachora kwa ncha ya utete, vipembe vidogo, bila kupima, na vikikutana mwisho na mwanzo huoni vimeungana wapi.

"Siku ile alikuwa ameanza kuchora mtungi. Amefika nusu. Mawingu yakaonekana, na udongo wa kazi nyingine ulikuwa haujachimbwa. Mvua ikinyesha shimo linajaa maji. Akaweka utete chini akamwambia Sharifa, 'Usiuguse, nikirudi nitamalizia.' Sharifa alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na kumi na tano, niliwaona wakishuka. Sharifa akakaa ukingoni na kikapu. Mama yake akaingia chini kuchimba."

Bibi Yuliana alitumbukiza mkono kwenye maharage yaliyomwagika, akayakusanya punje punje.

"Ukingo uliporomoka. Tulichimba kwa mikono, kijiji kizima, na tulipomfikia alikuwa ameshapoa. Mtoto alikuwa bado amekikumbatia kikapu.

"Mtungi ule ulibaki uani siku saba. Mafundi wengine walikuwepo, na yeyote angeweza kumalizia ile nusu. Mama yangu akakataa. Alisema aliyeshika utete ni Zainabu, na Zainabu hayupo. Akauchoma hivyohivyo. Shangazi yake Sharifa alipokuja kumchukua akamlee mjini, mtoto alikataa kila kitu, hata nguo. Alijitwisha mtungi. Ameshuka nao mlima huu wote kwa miguu. Tulisimama pale juu tukamtazama mpaka mtungi ukawa mdogo kama yai."

Akainua macho. "Alikuwa nao bado? Mtungi uko wapi?"

Mama Shadia alimtazama Shadia. Ingekuwa rahisi kusema upo nyumbani. Ingemfurahisha mzee aliyekuwa amelia vya kutosha siku ile.

"Haupo nyumbani, bibi," Shadia akasema. "Niliutoa mimi. Bibi alipokufa niliuona mbovu kwa sababu nakshi yake ni nusu. Nikampa jirani, akapanda mchaichai. Bibi alitaka kunieleza na mimi sikutaka kusikiliza."

Akaanza kulia. Bibi Yuliana alimvuta kwa mkono mmoja, akamkalisha chini kando yake, na kumpa ungo.

"Pukuchua," akasema. "Kulia huku unafanya kazi kunasaidia."

Kabla ya kuondoka aliwapeleka mahali lilipokuwa shimo la udongo. Palikuwa pameshajifukia, magugu na mikangaga imeota juu, huwezi kujua. Kaburi la Zainabu lilikuwa hatua chache tu, mawe matatu kando ya mgomba. Mama Shadia alisimama pale akasoma dua, na Bibi Yuliana akapiga ishara ya msalaba, na wote wakaitikia amina.

*

Jumatatu Shadia alimwomba Mwalimu Esther aibandue kazi yake ukutani, akamweleza kwa nini. Mwalimu aliitoa pini moja baada ya nyingine. Hakufoka.

"Ungeandika 'sijui, nimekosa wa kumuuliza', ningekusaidia kutafuta," alisema. "Hiyo nayo ni kazi ya darasani. Kaandike upya. Na hii alama niliyokupa naifuta."

Shadia akasema ndiyo, mwalimu. Aliporudi nyumbani hakuingia ndani kwao. Alizunguka michongoma, akamkuta Mzee Mikidadi barazani kwake na Sufiani, wakicheza bao. Mtungi ulikuwa palepale kwenye ngazi, mchaichai umestawi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtoto wa dereva."

"Hapakuwa na dereva, babu. Wewe ndiye uliyesema kweli. Mimi nilisema uongo mbele ya watu wote, nikakufanya uonekane mbishi."

Sufiani aliacha mdomo wazi. Mzee Mikidadi alitaka kusema kitu cha kuchekesha, ilionekana midomoni mwake, lakini Shadia aliendelea. Alimweleza habari ya utete, mawingu, shimo na mtoto mwenye kikapu. Alipofika kwenye mtungi ulioonekana kama yai, mzee alikuwa ameshika kete mkononi, amesahau zamu ilikuwa ya nani.

Aligeuka akautazama mtungi. Akanyoosha kidole akafuata vile vipembe, kimoja kimoja, mpaka pale vilipokoma. Kidole kikasimama hapo.

"Nilisema fundi amekwenda kulala," akanong'ona. Kisha akavua kofia yake ya reli. Sufiani alishtuka, maana hapakuwa bafuni.

"Babu, naomba tuurudishe."

"Nenda nyumbani, mwanangu. Nitauleta mwenyewe."

*

Siku ya arobaini uani kulijaa. Mikeka ilitandikwa mpaka karibu na bomba, masufuria ya pilau yakafunikwa kwa makaa juu, na wanawake wa mtaa wakapika habari kuliko walivyopika nyama. Bibi Yuliana alikuwa ameshuka na lori la ndizi, akakalishwa kwenye kigoda cha Bibi Sharifa, watoto wakipita kumwamkia. Ustadhi Ramadhani alisoma dua. Alimwombea Sharifa, na mama yake Zainabu, mfinyanzi, na baba yake Abuu, mkata mkonge. Mama Shadia, ndani ya gauni lake jeupe, aliitikia amina kwa kila jina.

Dua ilipokwisha, alimwita Shadia kando ya cherehani.

"Nataka uelewe kitu kimoja," alisema. "Sikukasirika kwa sababu babu hakuwa mtu mkubwa. Ulinipa maneno ambayo mama yangu hakuyasema, nikayapenda, kisha nikampoteza mara ya pili. Uongo ukimpa mtu furaha, siku ukiondoka unaondoka na zaidi ya ulichompa. Kama hujui, sema hujui. Halafu nyanyuka ukaulize, tena uulize wakati wenye majibu bado wamekaa kwenye vigoda vyao. Mimi nawe wote tulichelewa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi chukua daftari lako, ukakae na Bibi Yuliana. Ana miaka themanini na mingi ya kusema."

Lakini Shadia hakufika. Mlangoni pa ua, pale watu wanapovua viatu, minong'ono ilikuwa imekatika. Mzee Mikidadi alikuwa amesimama hapo, kanzu imenyooshwa, kichwa wazi. Mikononi alikuwa amekumbatia mtungi. Alikuwa ameutoa udongo, akauosha, akaupangusa mpaka ukarudia wekundu wake. Nyuma yake Sufiani alikuwa amebeba mchaichai ndani ya kopo la rangi.

Hakuingia. Alisimama upande wa nje, ule mtungi kifuani, nusu yenye nakshi ikiwaelekea watu.

"Niliutania mtungi huu hapa bombani," alisema, na yeye aliyezoea kusikika mpaka barabarani alisikika kwa shida. "Aliyeufinyanga hakuwa mvivu. Nimekuja kuomba radhi kwa wenyewe."

Bibi Yuliana alinyoosha mikono yote miwili kutoka kwenye kigoda. Mzee akavuka, akainama, akauweka mapajani mwake. Kikongwe akapitisha kidole shingoni mwa mtungi, pole pole, mpaka mwisho wa vipembe, kisha akaendelea na safari ile upande mtupu, akazunguka wote, akarudi alikoanzia.

Mzee Mikidadi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

Shadia alichukua birika na beseni la kunawia, akamfuata.

"Babu, unakwenda wapi na chakula kinapakuliwa?" akasema. "Nawa mikono. Na wewe Sufiani, weka hilo kopo chini. Karibuni ndani, tule."